Sufuria ya Yupin

Yupin alikuwa na kichwa kigumu, tena kigumu kwelikweli. Tangu homa ya mwezi uliopita hakusikia harufu wala ladha ya kitu chochote, na hakumwambia mtu. Amwambie nani, wamcheke? Sufuria ya supu ya ng'ombe aliirithi kwa mama yake, pale pale uchochoroni, nyuma ya soko la Wachina, Bangkok. Kwa miaka thelathini na tisa supu iliyobaki jana ndiyo iliyoongezewa maji na mifupa ya leo. Haikumwagwa hata siku moja. Kama imelala salama, iliyojua ni pua yake tu.

Asubuhi hiyo alikuta gesi imeisha na jiko limezimika, tangu saa ngapi hajui, na joto la Bangkok ndilo lile. Akainama, akanusa. Wapi! Akafunga mtungi mwingine, akaichemsha supu mpaka ikatokota, akajiambia iko sawa.

Wilai, muuza samaki wa jirani, akakunja uso. "Dada, mbona kunanuka hapa?"

"Mtaro huo! Au jinuse mwenyewe na samaki zako."

Wilai akacheka. Watawa wa Kibudha walikuwa wanakuja kwa mstari kupokea chakula cha sadaka, miguu peku, bakuli mikononi, na wa tatu alikuwa Sanit, kaka yake Yupin wa tumbo moja. Mtawa hachagui, anakula anachopewa. Yupin akapiga magoti, akamtilia bakulini mfuko wa plastiki wenye supu ya kwanza, kama kila siku. Sanit akautazama mfuko, akamtazama dada yake kwa muda mrefu, akafunika bakuli na kwenda zake.

Jua lilipopanda kidogo, Wilai akachota kijiko, akaonja, akatema pale pale. "Jamani! Imechacha hii! Umeshampa nani?"

Yupin alitimua mbio mpaka hekaluni, kandambili zikamtoka njiani. Akawakuta watawa wamekaa wanakula wali. Mfuko wake ulikuwa mtupu, mbele ya Sanit peke yake.

"Wenzangu sikuwagawia," alisema kaka mtu. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Kaka, ulijua! Sasa ukala kwa nini?"

"Ni supu ya mama," alijibu, kisha akashika tumbo na kujikunja sakafuni.

Mwanamke hamgusi mtawa. Yupin alibaki amepiga magoti hatua moja kutoka kwake, mikono ameinyoosha, anapiga kelele watu waje.