Kabari kwenye Mikaratusi

Miti miwili haiyumbi pamoja. Nililijua hilo kwa kufunga kamba kati ya mikaratusi miwili nyuma ya nyumba yetu, Kolwezi, na kuitazama upepo ulipovuma: mara inakaza, mara inalegea. Ndiyo maana, nilipomjengea binti yangu kibanda juu ya miti hiyo, kila boriti niliifunga kwa bolti upande mmoja tu. Upande wa pili ililala juu ya kipande cha chuma, huru kwenda na kurudi.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mchimbaji kwenye mgodi wa Mutoshi. Alinisaidia kupandisha mbao, nikamweleza yote haya, akaitikia.

Wiki hiyohiyo upepo ulipasua boriti, binti yangu akiwa juu. Alishuka akilia, viganja vimechunika. Nilipanda kuangalia. Kwenye kila ncha niliyoiacha huru, kabari ya mbao ilikuwa imegongwa mpaka mwisho.

"Ni wewe?" nilimuuliza shemeji.

"Ni mi, bofreri. Ilikuwa inacheza."

"Si nilikuambia uiache icheze!"

"Mu shimo, muti ikicheza unapiga kabari mbio. Ukiacha, bantu banakufa."

"Hapa ni shimo? Unaona udongo juu ya kichwa chako?"

"Sasa hasira ya nini? Niliikaza muzuri."

Muzuri! Nilizing'oa zote, nikaweka boriti mpya. Jumapili, baada ya misa, alikuja na watoto wake. Nilikuwa ndani natafuta viti niliposikia nyundo. Alikuwa juu tena.

"Batoto bangu banapanda hapa," alisema bila kugeuka. "Siwezi kuangalia muti inacheza."

Nilipanda, nikamnyang'anya nyundo mbele ya watu wote. Mke wangu akanivuta pembeni.

"Umuache. Kule shimoni aliona mbao ikiachia, na mwenzake akabaki mule."

Nilielewa. Hasira haikupungua hata kidogo. Hofu yake nusura iniulie mtoto, na wala hakuomba radhi.

Nilibomoa kibanda. Nikakijenga upya kwenye mjakaranda ulio peke yake: sakafu kuzunguka shina, mihimili ya mshazari ikiibeba kutoka chini, vyote vikiyumba pamoja na mti. Hakuna ncha ya kugongea kabari. Lakini shina moja halibebi sakafu kubwa. Anakaa mtoto mmoja tu.

Binti yangu aliuliza binamu zake watakaa wapi.

"Chini," nilimjibu. "Na baba yao."