Mama na Watoto wa Wenziwe

Juzi kanisani nilimwona mwanamke amebaki benchini peke yake, wenziwe wamekwenda kwenye meza ya Bwana, naye amempakata mtoto wa mtu. Nikamkumbuka mama, katika kanisa letu la makuti kule Msambweni.

Ilikuwa alasiri ya kaskazi. Padri alikuja kwa baiskeli kutoka kanisa jingine, na maskini, kanzu ilikuwa imemganda mgongoni kwa jasho. Wanawake walipoinuka kwenda kupokea mkate na divai, kila mmoja alimwachia mama mtoto wake. Watoto hao walikuwa watano, wakinuka mafuta ya nazi na mkojo, nami nikiwapepea.

"Mama, wanakuamini wewe tu," nilimwambia.

"Ee, mwanangu, wananiamini," alijibu, akimfuta mmoja kamasi kwa pindo la leso.

Mimi nilidhani kile ni cheo. Sikujua kwamba mama, kwa kuwa alikuwa mke wa pili wa baba, alikatazwa meza ile, na alikatazwa mpaka kufa kwake. Nikawatambia watoto wenzangu njia nzima ya kurudi nyumbani. Mama alikuwa akitusikia, akitembea nyuma peke yake, wala hakuninyamazisha.