Aligonga Mara Mbili

Siku waliyonichukua kwenda Vita vya Pili vya Dunia ilianza kama siku yoyote. Kaka yangu Marwa alikuwa chini ya shimo, mimi juu nimeshika kamba. Habari za dhahabu zilikuwa zimeenea Tarime nzima, na sisi wa Nyanungu tuliwaachia wadogo zetu ng'ombe tukaenda kuchimba. Mvuto mmoja wa kamba kutoka chini, shusha. Miwili, simama. Mitatu, nitoe. Mshika kamba haondoki hata kwenda haja mpaka mwenzake atoke.

Marwa alipotoka, alimkuta mjumbe wa chifu amekuja kunichukua.

"Sasa kamba yangu atashika nani, mura?" akaniuliza, akiniita kijana kwa Kikurya. Nikamkabidhi kamba, nikamfuata mjumbe.

Nilipelekwa Bara Hindi, kwenye uwanja wa ndege kubwa za mabomu. Sisi tulipakia mabomu, Wazungu wakapanda. Nilishangaa kuona wanaishi kama wachimbaji, kila mtu na kazi yake: rubani na msaidizi wake, msoma ramani, fundi wa redio, mlenga mabomu aliyelala kifudifudi puani mwa ndege. Kisha wapiga bunduki, wa mwisho wao peke yake mkiani, ndani ya kibanda cha vioo ambacho hata mbuzi angekikataa.

Huyo tulimwita Bwana Mkia. Alizaliwa Nakuru, Kiswahili alikipata kwa yaya wake. Mimi ndiye niliyemfungia vilango nyuma ya mgongo wake. Nikamfundisha ishara zetu za shimoni, ila yeye agonge bati la ndege badala ya kuvuta kamba. Kila akirudi aligonga mara tatu, nami namfungulia.

"Umetoka?"

"Nimetoka, Chacha. Wewe ndiye mshika kamba wangu."

Asubuhi moja ndege yao ilirudi imetobolewa kama chujio, ikatua kwa tumbo. Wenzake wote wakatoka. Yeye hakutoka.

Nilitambaa ndani hadi mkiani. Vilango vilikuwa vimepinda, na petroli ilinuka kila mahali.

Akagonga mara tatu.

Nilivuta mpaka kucha zikang'oka.

"Vuta, Chacha," alisema, kwa upole kabisa.

Bawa likashika moto. Watu wakanikamata miguu, wakaniburuta nje huku nikipiga kelele.

Bado nilimsikia. Mara tatu. Mara tatu.

Kisha mara mbili.

Mpaka leo sijui kama aliniambia nisimame, au pigo la tatu lilimshinda. Alikuwa kijana mcheshi, na nilimpenda.

Vita vilipokwisha nilimkuta Marwa mzima, bado anachimba. Nilishika kamba yake siku hiyohiyo. Alipokuwa chini kabisa, akavuta mara mbili.

Nilimvuta mpaka juu, mbiombio, magoti yake yakichunwa na mwamba.

"Mura, una wazimu? Nimesema simama!"

"Nilisikia," nikamwambia. "Umetoka?"

Marwa aliitazama mikono yangu, bado imeing'ang'ania kamba, hasira ikamwisha.

"Nimetoka," akasema.

Sikushika kamba tena.