Chupa ya Mafuta ya Breki na Jina la Fundi Mutua

Rafiki yangu, nakuandikia wewe kwa sababu najua ukiambiwa jambo huliongezi chumvi. Nimekuwa dereva miaka kumi na minane, kuanzia Voi mpaka juu Wusi, na mwezi jana nimerudisha funguo. Kina mama wanaotaka kuingia kazi hiyo wananiuliza ilikuwaje. Nitawaambia, pamoja na aibu zake. Lakini kuna mtu mmoja, Fundi Mutua, ambaye jina lake liliharibika kwa sababu yangu, na mpaka leo halijasafika lote. Huyo ndiye amenifanya nishike kalamu.

Nilianza Voi, kwenye ghala la mboga. Nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya jioni, yale ya watu wazima, nikiwa na watoto wawili nyumbani na leseni mpya kwenye kibeti. Siku ya kwanza Meneja wa ghala, mzee mfupi asiyependa maneno mengi, aliniangalia na leso yangu kiunoni, akasema, "Hapa dereva ndiye fundi wa gari yake. Mambo ya kukimbia gereji kila saa sitaki. Leo unamwaga oili."

Kumwaga oili ndiyo sevisi yenyewe. Injini ina oili ya kulainisha vyuma visisagane. Ikizeeka inakuwa nyeusi, basi unaingia chini ya gari, unafungua nati, inamwagika kwa beseni, unafunga nati, ndipo unatia mpya kwa juu. Nililala juu ya gunia, nikafungua, ikamwagika yote, nikajisikia fundi. Nikatoka, nikajipangusa, nikatia oili mpya polepole, nisipoteze hata tone. Nilipoinua macho, Meneja alikuwa anaangalia miguu yangu. Oili mpya ilikuwa imefika kwenye ndara. Nati nilikuwa nayo mfukoni.

"Mama Wakesho," akasema, "umemimina chai kwa kikombe kisicho na kitako."

Wapakiaji walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kwa miezi mingi kila nikiwasha gari walikuwa wanapiga kelele kutoka kwenye magunia, "Mama, nati iko?"

Meneja alikuwa mkali lakini alinifunza. Alinifunza kukaza nati za gurudumu kwa kuruka, moja huku na nyingine ng'ambo, lisikae upande. Alinifunza pia kupima upepo wa gurudumu la akiba, baada ya mimi kupata pancha kule Salaita na nyanya za Taveta nyuma, nikapiga jeki, nikatoa gurudumu bovu kwa jasho, nikateremsha la akiba na kukuta limelala kama chapati. Nilikaa hapo na nyanya zangu mpaka lori la mchanga likanisaidia.

Baada ya miaka sita nilihamia zahanati moja huku Mwatate. Mkubwa wangu alikuwa Matroni, mama msafi kupita kiasi, na mimi nilitaka anione msafi pia. Siku ya chanjo nilidamka, nikafungua boneti, nikaosha injini kwa ndoo ya maji na sabuni, nikaisugua na jani la ndizi mpaka ikang'aa. Gari ikakataa kuwaka. Maji yalikuwa yameingia kwenye nyaya za moto. Matroni alikuja na sanduku la chanjo begani, akaangalia povu, akaniangalia mimi.

"Mama Wakesho, hiyo ni injini. Si sufuria."

Tuliisukuma sisi wawili, Matroni na sare yake nyeupe, mpaka jua lilipokausha na ikawaka. Nikitazama nyuma, ninaona pale ndipo ningejijua. Vile ninavyofanya jikoni ndivyo nilivyokuwa nafanya kwa gari.

Miaka tisa ya mwisho nilikuwa kanisani Wusi, naendesha pikapu yenye viti vya mbao nyuma na turubai juu. Nilibeba kwaya, wagonjwa, saruji, maharusi, na maiti pia. Mkubwa wangu alikuwa Mchungaji, na chini yake Mzee wa Kanisa aliyesimamia gari. Sevisi ndogo nilifanya mwenyewe. Kazi kubwa tulimpelekea Fundi Mutua, aliyekuwa na banda la mabati kando ya barabara. Alikuja kutoka Ukambani na mke wake wakapangisha hapo, na alikuwa anasali na sisi, kiti cha nyuma karibu na mlango.

Juma hilo ninalokwambia, Mutua alibadilisha paipu moja ya breki. Breki inafanya kazi kwa mafuta yake maalum. Ukikanyaga, mafuta yanasukumwa kwenye paipu mpaka magurudumuni, na ndani kuna raba zinazoyazuia yasitoke. Raba hizo haziwezi kuvumilia oili nyingine yoyote, zinavimba. Alipomaliza akanionyesha kikopo cha mafuta hayo pale mbele, chenye alama.

"Mama, mambo mengine ya hii gari fanya. Breki niachie. Ikishuka chini ya alama, nipigie simu nije niangalie."

"Nimesikia, fundi."

Siku ya nne nikaangalia, imeshuka kidogo sana. Nikaona aibu kumpandisha mtu mlima kwa ajili ya tone. Chini ya kiti nilikuwa na chupa imeandikwa mafuta ya breki. Nikaisoma mara mbili. Mimi nimejua kusoma nikiwa mama mzima, na kitu kikiandikwa mimi ninakiamini. Nikajaza mpaka kwenye alama, nikafunga, nikamshukuru Mungu kwa kunipa akili.

Jumamosi nilikuwa narudisha kina mama tisa waliokuja kwa mkutano wetu kutoka Mata na Salaita. Tulisali, tukaanza kuteremka, wao wanaimba. Kona ya tatu nikasikia harufu ya kitu kinaungua. Kona ya nne pedali ikawa laini kama ugali mbichi. Nikakanyaga tena, ikashuka mpaka chini, gari haina habari. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine bonde. Nikashusha gia, nikavuta hendibreki, nikapiga kelele, "Shikeni vyuma!" Wimbo ukakatika. Nikaegemeza gari ukutani ikakwaruza, ikapunguza, ikaingia kwenye shamba la majani ya ng'ombe, ikasimama.

Halafu mama mmoja akasema kutoka nyuma, "Shetani ashindwe!" Wote wakaitika. Hakuna aliyeumia, kapu la ndizi tu lililopondeka.

Jumapili wakati wa ushuhuda nilisimama. Nikasema adui alitega na Bwana akategua. Watu walilia. Mimi pia nililia, na kilio kilikuwa cha kweli. Halafu Mzee wa Kanisa akauliza mbele ya wote, "Na ni nani alishika breki hizo mara ya mwisho?"

Nikajibu, "Fundi Mutua."

Sikusema uongo, rafiki yangu. Aliulizwa aliyeshika, na kujaza kikopo mimi sikukuhesabu kuwa kushika. Mutua alikuwa pale karibu na mlango. Mzee akasema gari ya kanisa isirudi tena kwa banda lile, na mwingine akaongeza kwamba hawa watu wa kuja hatujui walisomea wapi. Juma lile wenye magari waliacha kwenda kwake. Nikipita nilimwona amekaa juu ya gurudumu, mikono yake misafi.

Pikapu ilivutwa mpaka gereji ya Voi. Fundi wa huko aliniita, akaniwekea raba kwenye kiganja. Zilikuwa zimevimba kama maandazi.

"Mama, nani ametia oili ya injini kwa breki?"

"Hakuna oili," nikasema. "Nilitia mafuta ya breki. Chupa ndiyo hii."

Akaifungua, akanusa, akanirudishia. "Nusa wewe."

Niliponusa nilikumbuka yote. Miezi miwili nyuma, baada ya sevisi, oili ilibaki kidogo. Kulikuwa na chupa tupu ya mafuta ya breki. Nikaiosha, nikatia oili humo isiharibike, nikaiweka chini ya kiti. Wewe rafiki yangu, usinicheke. Kwako chumvi iko kwa kopo la maziwa, na mafuta ya taa yako kwa chupa ya juisi. Nyumbani kila mtu anajua. Kwa gari nilikuwa peke yangu, na nikasahau.

Nilinyamaza Jumapili mbili. Nikipiga magoti, maneno hayapandi. Kama ningesema, ningeharibu ushuhuda ambao watu walikuwa wameshaubeba mpaka Taveta. Nisiposema, yule mtu angehama, na mke wake alikuwa karibu kujifungua. Jumatatu nikaenda bandani.

Nikamweleza kila kitu, nimesimama. Hakuacha kupangusa spana yake.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua vipi?"

"Gari ikivutwa ilisimama hapa kidogo. Nikafungua kikopo nikanusa."

"Sasa kwa nini hukusema, fundi?"

Ndipo akaniangalia. "Mama, mtu amesimama kanisani amesema Mungu. Mimi nitasimama niseme oili?"

Jumapili iliyofuata nikasimama tena. Mzee wa Kanisa akasema, "Mama Wakesho, ushuhuda huo si ulishatoa?"

"Ule nilitoa nusu, mzee. Mungu alituokoa kweli. Lakini adui wa siku hiyo nilikuwa mimi na chupa yangu." Nikaitoa kwenye kibeti, nikaiinua waione. Nikaeleza. Nyuma mama mmoja akasema kwa sauti, "Jamani, mimi dawa ya kuku iko kwa chupa ya siropu," na kanisa lote likacheka. Mchungaji hakucheka. Baada ya ibada alimchukua Mzee, wakateremka kwa miguu mpaka bandani kuomba msamaha. Mimi nilifuata nyuma na chupa.

Mutua alisamehe. Aliendelea kutengeneza pikapu mpaka siku niliyoacha, na sharti lake lilikuwa moja. Kila chupa ndani ya gari niiandike mwenyewe kwa rangi, kwa mkono wangu, siku ile ile ninapoijaza. Lakini kanisani kwetu hakurudi kukaa. Anasali kwingine. Wateja wengine pia hawakurudi, na mimi siwezi kuwalazimisha.

Sasa goti langu la kushoto limechoka na klachi ya milima hii, ndiyo sababu nimeacha kazi. Ninapiga magoti kwa kushika kiti. Kazi imenilishia watoto na siilalamikii. Aibu ya nati nimeshaizoea, ya sufuria pia, hata mimi mwenyewe ninazichekea. Hii moja imekataa kuwa kichekesho.

Mwaka huu nilienda mazishini Mata. Mama mmoja asiyenijua akanisimulia, huku tukimenya viazi, jinsi kina mama wa huko walivyookolewa mlimani baada ya fundi mmoja mjinga kuharibu breki. Nikamwambia, "Dada, dereva alikuwa mimi." Nikamweleza, kisu mkononi. Akasikiliza, akasema, "Kumbe! Na sisi tumeisimulia hivyo miaka yote."

Kwa hivyo ninakuomba. Ile nusu ya hadithi imenitangulia, na kwa goti hili siwezi kuifuata kila kijiji. Wewe unayesafiri, ukifika Mata, Salaita, Voi, popote utakapoikuta, isimulie yote. Jina langu taja, na chupa uitaje. Na ukifika mahali pa kumtaja fundi, usiseme fundi fulani. Sema ni Mutua, na sema kazi yake ilikuwa sawa.