Dume wa Chukwani

Bi Mwanapili leo hatulii. Tangu asubuhi anazunguka bwawa lake la saruji uani, hapa Mpendae, anainama, anainuka, kanga inamporomoka begani wala hana habari. Anafuga koi, wale samaki wa mapambo. Jike lake jeupe lenye madoa mekundu tumbo limejaa mayai, na dume wa kumpandisha hana.

Si kwamba madume hamna bwawani. Wamo watatu, na mwaka jana aliwatumia hao hao. Aliwachagua kwa macho: mgongo ulionyooka, wekundu uliokolea, mwendo wa madaha. Vifaranga walipokua kidogo, wengi wakatokea vibiongo, midomo imekwenda upande. Wateja wa hoteli za Mji Mkongwe walitazama, wakaaga. Ndipo alipokumbuka kuwa jike na madume wote ni ndugu wa tumbo moja.

Mtaa mzima tulicheka, na mimi shoga yake nilicheka zaidi. Mtu akiposa hapa, wazazi hawatoi jawabu mpaka Bi Mwanapili aulizie ukoo: babu nani, bibi katokea wapi. Samaki wake mwenyewe hakuwaulizia.

Dume wa damu nyengine yuko Chukwani kwa Sabri, mfugaji mwenzake, na hilo ndilo lililomkaa kooni. Sabri alikuja kumposa Yusra, binti wa Bi Mwanapili, kwa ajili ya mwanawe, Mabrouk. Akajibiwa kuwa wazee wake wametoka bara, ukoo wake haujulikani. Tangu siku hiyo Yusra anamjibu mama yake kwa "naam" na "la" tu. Neno "mama" halimtoki.

Adhuhuri shoga yangu akaja mlangoni kwangu. "Twende Chukwani. Peke yangu sendi."

Sabri alitupokea vizuri, mpaka nikaona haya. Akamvua kwa wavu dume mweusi mwenye madoa ya rangi ya chungwa. Bi Mwanapili akamkagua mdomo, akamkagua mgongo, kisha ulimi ukamtangulia.

"Wa ukoo gani huyu?"

"Sijui, Bi. Nilimnunua mdogo kama kidole, wazazi wake siwajui. Lakini na jike lako hawana udugu."

Bi Mwanapili akaisogeza ndoo yake. Sabri akamtia samaki ndooni, akafunika. "Mchukue. Akimaliza kazi utanirudishia."

Njia nzima vidole vya shoga yangu vinachezea ncha ya buibui. Tulipofika, Yusra akashika ndoo upande mmoja, mama yake upande wa pili, wakammimina. Yule dume akazunguka bwawa, jike akamkimbia, kisha akapunguza mwendo.

Bi Mwanapili akakaa kitako kwenye ukingo, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Yule Mabrouk keshaoa?" akauliza, macho majini.

Yusra aliiweka ndoo chini taratibu.

"Bado, mama."