Glasi ya Mgeni

Juzi kwenye runinga nilimwona mtaalamu wa magonjwa ya mifugo akiwaonya watu, kwa upole wa kanisani, wasinywe maziwa yasiyochemshwa. Nilimtambua bwana huyo. Nilipokuwa mdogo alikuja kwetu Kabazi kutoa ng'ombe wetu damu ya kupima magonjwa, na boma lote likanuka dawa na samadi. Mama alimletea maziwa lala, yale ya kugandishwa, ambayo hatukuwa tukichemsha, kwenye glasi ya wageni.

"Asante mama, nimeshiba," alisema, bila hata kuigusa.

Nilidhani glasi yetu ilikuwa chafu, nikaona aibu. Kumbe aliogopa maziwa, na hakusema. Kwetu maziwa hayamwagwi. Mama alitupatia sisi watoto, na msomi mzima akatutazama tukinywa huku akivua glavu zake taratibu.