Simba wa Kwenye Shuka

Niliufunga mlango wetu wa fito kwa kamba, kwa nje, nikamwacha bibi yangu mgonjwa amelala ndani, nikaenda kutazama sinema. Huo ndio ujinga wangu, na pale kijijini Msimbu msichana pekee mwenye cheti cha sekondari nilikuwa mimi. Wiki hiyohiyo simba alikuwa amebeba mbuzi upande wa kijiji jirani cha Chole. Watu walilala na mapanga.

Mimi si mtu wa kutoka. Gari la sinema lilipokuja na filamu ya kilimo, wakatundika shuka jeupe mbele ya ofisi ya kijiji, jirani yangu ndiye aliyenivuta mkono: "Twende, shoga! Utaolewa na mafiga wewe."

Baada ya matrekta na mahindi, akatokea simba. Akaizunguka nyumba ya udongo, polepole, akasimama mlangoni. Nikamwona anainua mguu. Wenzangu walikuwa wanacheka. Mlango ule ulikuwa wa kwetu! Nikakimbia peke yangu kwenye mikorosho, kila kichaka kinapumua, namwita bibi. Kamba niliikuta kama nilivyoifunga.

"Nani?" bibi akauliza kutoka ndani.

Nikaifungua kamba, nikaingia. Mpaka leo nikifunga mlango, hatua chache tu, narudi kuujaribu.

Tangu hapo nikawa hodari wa kuisifu sinema ile. Miaka ikapita, mimi na jirani yule tukaolewa Misugusugu, sote wawili, na gari la sinema likatufuata huko na filamu mpya ya rangi, ngumi na pikipiki. Nikapiga miayo waziwazi.

"Za siku hizi maji matupu," nikamwambia. "Simba wetu yule unamkumbuka?"

Kumbe mwenye gari bado alikuwa na filamu ya simba yule. Akamalizia na ile ya kilimo. Matrekta yakapita, mahindi yakapita. Simba akaja, amekonda, amejaa mikwaruzo ya filamu chakavu. Akapita pembeni ya nyumba, akajilaza kivulini.

"Wameikata," nikanong'ona. "Wamekata pale anapoinua mguu."

Jirani yangu hakuacha kutafuna karanga zake.

"Hawajakata kitu, shoga. Mlango hajawahi kuugusa yule. Siku ile ulikuwa umemwacha bibi yako peke yake."